Kivukizi cha salfa na kimoto cha gesi ndani ya bustani iliyofungwa: dalili, chanzo na marekebisho

Mtwara na Lindi salfa haihitaji kutambulishwa. Mikorosho ikianza kuchanua, kuanzia Juni hivi, mabomba ya mota yananguruma alfajiri na unga unatua kwenye maua kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe. Shambani kinachobaki kinaondoka na upepo, wala hakuna moto karibu. Ndani ya kitalu nyumba, au chumba cha uani kilichogeuzwa bustani ya nyanya, hoho na miche, mambo ni mengine. Hewa imefungwa, salfa haipulizwi bali inavukizwa kwa hita ya umeme, na hatua chache pembeni pengine kuna chombo cha gesi chenye kimoto kisichozimwa.

Maelekezo mengi yanayokuja na vivukizi yaliandikwa kwa nchi za baridi, ambako kimoto hicho ni cha hita ya kupasha kitalu joto. Huku kwetu nani anapasha kitalu joto? Kimoto cha huku ni cha bruda, yaani kifaa cha kuwapa vifaranga joto, friji la gesi, hita ya maji ya kuoga au oveni. Karatasi ya maelekezo haivitaji, na watu wanavisahau.

Kivukizi chenyewe ni kitu chepesi: hita ya wati 60 hadi 75, kisufuria cha aluminiamu juu yake, na bati la kuvizunguka. Salfa inayeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi. Ikiendelea kupashwa inatoa mvuke, na mvuke ukikutana na hewa ya kawaida unaganda kuwa chembe ndogo mno zinazotua juu ya majani. Hadi hapo hakuna kilichoungua. Ila salfa hiyohiyo ikifika nyuzi 230 hivi inajiwasha yenyewe, na ikiwaka haitoi tena unga, inatoa dayoksaidi ya salfa, hewa inayokaba. Kivukizi kizima kinafanya kazi chini ya mpaka huo. Kimoto cha pailoti, kile kidogo cha buluu kinachongoja kuwasha bana kubwa, kimepita nyuzi 1,000. Kila chembe inayovutwa humo inaungua, hata kama kivukizi hakina kosa lolote.

Kwa hiyo swali la "niweke mita ngapi kutoka kwenye moto?" halina jibu la mita. Chembe za salfa zinatembea popote hewa inapotembea, na bana yoyote inayowaka inavuta hewa kuielekea. Ndani ya hewa moja, umbali salama haupo. Kilichopo ni kuzima moto au kuwa na ukuta kamili katikati. Na ukuta ukaguliwe kwa macho: nyumba nyingi hazina dari, ukuta wa kati unaishia usawa wa linta na juu yake paa ni la wote. Tofali za matundu nazo zinapitisha. Ukuta wa namna hiyo hesabu kwamba haupo.

Kunanuka kiberiti kilichowashwa, koo linawasha, machozi yanatoka

Unga wa salfa ukiwa baridi karibu hauna harufu. Harufu ya njiti iliyowashwa sasa hivi ndiyo dayoksaidi ya salfa, na maana yake ni moja tu: mahali fulani salfa inaungua. Lugha yetu ilishalifungasha jambo hili zamani. Kiberiti ni jina la salfa yenyewe kabla halijawa jina la kiboksi cha njiti, na wazee bado wanakwenda dukani kuulizia kiberiti upele.

Usiingie kutafuta chanzo. Zima umeme wa kivukizi kwenye swichi ya nje, funga gesi kwenye mtungi au kwenye koki ya bomba, fungua mlango na madirisha ya pande mbili, kisha kaa upande upepo unakotoka. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara mbili na zaidi, inatambaa chini, hivyo mtoto anayetambaa na vifaranga wa kwenye bruda wanaipata kabla ya mtu aliyesimama. Mwenye pumu inamkamata kwa kiwango ambacho mwenzake anakiona ni harufu tu.

Ukitaka kujua kwa nini tunasisitiza hivi, piga hesabu ya chumba cha mita 4 kwa 3, urefu wa kuta mita 2.5. Hiyo ni mita za ujazo 30. Gramu 1 ya salfa ikiungua inatoa gramu 2 za dayoksaidi ya salfa, kwa sababu inabeba oksijeni ya uzito sawa na wake. Katika chumba hicho kilichofungwa, hizo gramu 2 ni kama sehemu 25 kwa milioni ya hewa. Kiwango kinachotumika sana kuwa kikomo cha mfanyakazi kukaa humo kwa dakika 15 ni sehemu 5. Sehemu 100 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na kuzifikia kunahitaji gramu 4 tu kuungua, karibu kijiko kimoja cha chai.

Baada ya hewa kusafishika, tafuta aliyeunguza. Ni kisufuria au ni kimoto? Kisufuria kilichowaka kinaacha masizi na ukoko mweusi pembezoni, na salfa yake imepungua sana kwa muda mfupi. Kisufuria ambacho hakikuwaka kinabaki na salfa ya njano iliyoganda laini, juu yake inang'aa kidogo. Pima uzito wa kisufuria kwa mizani ya jikoni kabla na baada ya kila usiku, uandike. Ukishajua upungufu wa kawaida wa mashine yako, usiku ulioharibika utajionyesha wenyewe. Kisufuria kikiwa kisafi na harufu ilikuwepo, mhusika ni moto wa gesi.

Kuna kipimo kingine cha bure cha kujua kama chembe zinafika kwenye bruda au friji. Chukua kipande cha waya wa shaba, kivue plastiki, kisugue kwa msasa mpaka king'ae kama senti mpya, kisha kining'inize sentimita 20 kutoka kwenye bana iliyozimwa. Kingine kiweke nyumba ya jirani. Baada ya usiku mbili tatu za kuvukiza, vilinganishe. Cha jirani kitakuwa kimefifia kidogo kwa unyevu wa pwani. Cha kwako kikiwa na weusi wa kahawia au wa samawati, salfa inafika hapo, uone harufu au usione.

Salfa inawaka ndani ya kisufuria

Mwali wa salfa ni wa buluu hafifu, mchana hauonekani kabisa. Zima taa na uchungulie dirishani.

Kuuzima ni kuunyima hewa: kata umeme, kisha funika kisufuria kwa kifuniko cha chuma au mimina mchanga mkavu. Usirushe maji, salfa iliyoyeyuka inaruka na kuambatana na ngozi. Kama huwezi kufika bila kuvuta ule moshi, usifike. Piga Zimamoto 114. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii hewa hii hata kidogo. Inayofaa ni ya mpira yenye chujio la gesi za asidi, tena chujio ambalo muda wake haujapita.

Sasa vyanzo. Cha kwanza kwa mashine zilizoagizwa mtandaoni ni volti. Kivukizi cha soko la Marekani kinatumia volti 120, umeme wetu ni 230. Hita ya wati 75 iliyotengenezwa kwa 120, ukiichomeka kwenye 230 kwa adapta ya plagi tu, inakula karibu wati 275. Inapita nyuzi 230 bila kusita. Na usitegemee fyuzi ikuokoe: wati 275 ni ampea 1.2 tu, hata fyuzi ndogo ya ampea 3 haitakatika, seuze ile ya 13 inayokuja na plagi nyingi. Kibandiko kikiwa kimefutika, mpe fundi umeme apime ukinzani wa hita ikiwa baridi na imechomolewa. Ya wati 75 kwa volti 230 inasoma kama omu 700. Ikisoma 190 hivi, ni ya volti 120, na inahitaji transfoma, siyo adapta.

Umeme ukipanda nao una mchango. Kutoka volti 230 hadi 250 ni ongezeko la asilimia 18 ya nguvu kwenye hita isiyo na thamostati. Mahali ambapo taa zinang'aa kupita kiasi usiku wa manane, weka stabilaiza, au chagua kivukizi chenye thamostati yake.

Cha pili ni salfa yenyewe. Inayotakiwa ni safi ya asilimia 99.5 kwenda juu, ya punje au vidonge. Salfa ya maji, ile ya asilimia 80 inayokorogwa kwenye bomba la mgongoni, haifai hata kidogo: ile asilimia 20 ni udongo laini na viambato vya kuifanya ichanganyike na maji, vinabaki kwenye kisufuria, vinafanya ukoko, ukoko unashika joto na kuungua. Unga uliobaki kwenye mfuko wa korosho nao uache. Hata ukiwa safi, ulishafunguliwa shambani, una majani makavu na uzi wa mfuko, na jani moja dogo kavu juu ya salfa ya moto ni utambi. Zaidi ya hayo, unga mkavu ukitimka karibu na kimoto unaweza kulipuka wingu zima. Kuanzia gramu 35 hivi kwa mita ya ujazo inatosha, kiasi ambacho mvuke wa kivukizi haukifikii, lakini mtu anayekung'uta mfuko wa kilo 25 ndani ya stoo anakifikia mara moja. Mfuko ufunguliwe nje.

Cha tatu ni kujaza. Salfa isipite nusu ya kina cha kisufuria, maana ikiyeyuka inaweza kupita ukingo, ikamwagikia hita, na hita tupu ina joto kuliko sakafu ya kisufuria. Kivukizi kining'inizwe kwa mnyororo au waya wa chuma, siyo kamba ya katani, na kiwe wima kabisa. Nusu mita kila upande pasiwe na nailoni wala majani.

Wengine, kwa kukosa kivukizi, wanaweka salfa kwenye kopo juu ya jiko la mkaa. Huko siyo kuvukiza, ni kuchoma. Kunaua ubwiriunga, na miche, na kuku.

Kimoto cha pailoti kinazimika, kinakuwa cha njano, au hakishiki

Tatizo hili linakuja polepole, wiki kadhaa baada ya kuanza kuvukiza, ndiyo maana watu hawaliunganishi na salfa. Pembeni ya kimoto kuna kijiti cha chuma kinachoota moto wake. Joto linazalisha umeme mdogo sana ndani ya kijiti, milivolti 20 hadi 30, na umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Moto ukizimika, kijiti kinapoa, vali inajifunga. Salfa inakula shaba ya maungio yake, yanakuwa meusi, umeme unadhoofika, vali inaachia hata moto ukiwa unawaka. Ukibonyeza kitufe kinawaka, ukiachia kinazimika. Hiyo ndiyo alama yake.

Funga gesi, ngoja ipoe, fungua nati ya kijiti kwenye vali kwa spana ndogo. Safisha ncha ya mguso kwa msasa laini sana, futa kwa kitambaa kikavu, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko. Washa, shikilia kitufe sekunde 30 hadi 60. Kama bado kinaachia, nunua kijiti kipya cha urefu uleule. Usikubali fundi akufungie vali iwe wazi moja kwa moja "ili isisumbue". Vali ile ndiyo inayozuia gesi kumwagika chumbani moto ukizimwa na upepo.

Kimoto cha njano na kilicholegea kinatokana na tundu au njia ya hewa iliyozibwa, na salfa iliyoganda ni mojawapo ya vizibo. Nyingine ni utando wa buibui na vumbi la pumba za vifaranga. Safisha kwa brashi laini na pampu ya baiskeli. Usichokonoe kwa sindano, tundu likipanuka kidogo tu moto unakuwa mkubwa kuliko uliokusudiwa.

Harufu ya mayai viza au kabichi iliyooza

Hii usiichanganye na ya kwanza. Siyo salfa ya kivukizi, ni gesi inayovuja. Gesi ya kupikia inatiwa kinukishi chenye salfa ndani yake ili pua iistukie, na pua iliyoshinda na moshi wa kivukizi inaweza kuzoea na kuipuuza. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga gesi, toka, fungua.

Fungua wapi ni suala la gesi ipi. Gesi ya mtungi ni nzito, inalala sakafuni, kwa hiyo mlango ndio muhimu. Gesi asilia, ile ya Mnazi Bay au Songo Songo ambayo baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi zimeunganishiwa kwa bomba, ni nyepesi na inakusanyika juu, kwa hiyo dirisha la juu ndilo la kukimbilia. Uvujaji utafute kwa povu la sabuni kwenye regileta, mpira na maungio, kamwe siyo kwa njiti.

Kichwa kinauma, usingizi mzito, na hakuna harufu yoyote

Ili kuvukiza, kitalu kinafungwa. Bruda au hita ikiachwa inawaka humo, oksijeni inapungua na moto unaanza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala haiwashi koo. Toka nje kwanza, maswali baadaye. Aliyezimia, au anayekohoa na kubana kifua hata kama alivuta salfa tu, apelekwe hospitali. Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi. Kifua kinaweza kubana zaidi saa kadhaa baadaye. Macho yanayowasha yaoshwe kwa maji mengi dakika 15.

Majani yana mabaka

Pitisha kidole. Doa likitoka na kubaki unga kidoleni, ni salfa iliyotua, siyo ugonjwa. Doa jeupe au la rangi ya majani makavu, katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, tena halifutiki, ni kuungua kwa dayoksaidi ya salfa: rudi kwenye sehemu ya kwanza. Ncha na kingo zilizokauka pande zote kwa pamoja ni joto. Salfa ikiwa juu ya jani na hewa ikapita nyuzi 32, jani linaungua, na kitalu cha nailoni hapa kinafika huko kabla ya saa 4 asubuhi siku za Desemba na Januari. Miezi hiyo ni bora utumie dawa nyingine ya ukungu.

Mafuta ya mwarobaini na salfa hayakai pamoja. Acha siku 14 kati ya kimoja na kingine. Matikiti, maboga na aina kadhaa za matango haziipendi salfa hata bila mafuta; jaribu mche mmoja kwanza.

Kutu, matone yenye uchachu, nailoni inayochanika

Dayoksaidi ya salfa ikikutana na jasho la nailoni inakuwa asidi. Karatasi ya litmasi ya bluu ikiwekwa kwenye tone na kugeuka nyekundu, kuna kitu kinaungua. Osha vyuma kwa vijiko 2 vya chakula vya magadi soda kwenye lita 5 za maji. Nailoni kuchoka mapema lakini ni kawaida hata bila moto, kwa sababu salfa inaharibu kinga yake ya jua. Inverta ya sola, redio na simu vitoke humo. Shaba yao haina kinga dhidi ya salfa.

Usiku wenyewe unavyopangwa

Kwanza ukubwa. Kivukizi kimoja kwa kawaida kimekadiriwa kuhudumia mita za mraba 100. Chumba cha mita za mraba 12 ni kama sehemu moja kati ya nane. Karatasi ikisema saa 4, wewe anza na nusu saa, usiku mbili kwa wiki, uangalie majani.

Saa 1 jioni hamisha vifaranga, au ahirisha. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye kitufe cha chombo, subiri kimoto kife na ukione kimekufa. Friji la gesi liondolewe chumba hicho moja kwa moja, kwa kuwa hakuna atakayekubali kulizima kila usiku, na akikubali siku ya kwanza, ya tano atasahau. Majani yawe makavu. Zima feni, funga madirisha, funga mlango kwa kufuli. Washa kivukizi saa 2 usiku kwa swichi ya nje au taima.

Kikizimwa, kisufuria bado kinatoa mvuke kama nusu saa mpaka salfa igande. Asubuhi fungua pande zote ukiwa nje, ngoja saa nzima, ingia, gusa kisufuria kwa mgongo wa mkono. Kikiwa baridi na pua haioni kitu, fungua gesi, paka povu la sabuni kwenye regileta, kisha washa kimoto.